Karatasi Chini ya Taulo

Mara nne kwa mwaka Melkiadi alipiga magoti mbele ya kanisa zima akamwosha miguu kibarua wake, na mara nne kwa mwaka watu walirudi makwao wakilizungumza jambo hilo. Kanisa lao lilikuwa dogo, la matofali ya kuchoma, saa mbili kwa miguu kutoka Kasulu mjini. Utaratibu wake ulikuwa kwamba kila robo mwaka, kabla ya Meza ya Bwana, waumini waoshane miguu wawili wawili, wanaume upande wao na wanawake upande wao, na kila mtu achague wa kuoshana naye. Walimu walichaguana. Wenye ng'ombe walichaguana. Melkiadi, mzee wa kanisa, mwenye heka sita na nyumba ya bati, alimchagua Nsabimana, Mrundi aliyelala kwenye stoo yake ya mahindi.

Mkewe, Esteria, alikuwa shemasi. Ndiye aliyetunza mabeseni, taulo na vikombe, na ndiye aliyepita na birika kuongeza maji ya uvuguvugu pande zote mbili. Kwa hiyo kwa miaka sita alikuwa ameiona kazi ya mumewe kwa karibu kuliko mtu mwingine. Melkiadi aliosha vizuri. Hakuharakisha, alipitisha vidole katikati ya vidole, akakausha mpaka kisigino. Esteria aliona na jambo jingine, ambalo hakupata kulisema: siku hizo Nsabimana aliamka kabla ya wote akaenda kisimani kuisugua miguu yake kwa jiwe, ili mzee asikute uchafu.

Ibada ikiisha walirudi nyumbani watatu. Melkiadi alikula mezani. Nsabimana alikula jikoni, kwenye bakuli lake la bati, ambalo halikuchanganywa na vyombo vingine.

Tangazo Esteria alilisikia dukani kwa Hilali, Jumatatu ya mwisho ya Julai, mwaka 2013. Alikwenda kununua chumvi na sabuni ya mche. Hilali, ambaye baba yake alihamia njia panda ile kutoka Ujiji, alikuwa amefunga Ramadhani, na midomo imemkauka. Lakini redio aliifungulia mpaka mwisho ili walioketi barazani wasikie.

"Mama Didas, umesikia?" alisema. "Siku kumi na nne. Asiye na kibali cha kuishi nchini aondoke mwenyewe na vitu vyake, hakuna atakayemgusa. Siku zikiisha wanaingia askari. Hapo mtu anaondoka na shati alilovaa."

"Wanasema kina nani?"

"Kina nani! Kwani stoo yenu inalala mahindi matupu?"

Watu wa barazani walicheka. Esteria alifunga chumvi kwenye pindo la kitenge.

"Wa kwetu karatasi zake zinashughulikiwa," alisema. "Ziko kwa jamaa mmoja ofisini Kibondo."

"Tangu lini?"

"Tangu kambi ifungwe."

Hilali alihesabu kwa vidole. "Mtabila walifunga Desemba. Hii Julai inaisha. Mama Didas, hata mwenge unazunguka nchi nzima kwa muda huo, unapumzika, unarudi."

Walicheka tena. Esteria alicheka nao kidogo, kwa kuwa ilikuwa kweli, akachukua sabuni yake akaondoka.

Jioni ile Nsabimana alipanda kutoka bondeni kabla ya saa yake. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na minne, mrefu, mwenye sauti iliyoongoza nyimbo kanisani bila kitabu. Alisimama mlangoni, hakuingia. Alikuwa amevua kofia.

"Mzee, naomba karatasi yangu."

Karatasi hiyo aliipata katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Ilikuwa na picha yake, jina lake, jina la mama yake, na majina ya tarafa na mlima walikotoka kule Makamba, Burundi. Kaka yake alikuwa amempigia simu kwamba ardhi ya baba yao inapimwa. Mwenye karatasi angesikilizwa. Asiye nayo angekuwa mpita njia kama wapita njia wengine.

"Si nilikwambia iko Kibondo," alisema Melkiadi. "Nitapiga simu."

"Siku ni kumi na nne, mzee."

"Nimesikia. Kaa, usiogope kitu. Nani atakugusa ukiwa kwangu? Mwenyekiti wa kijiji ni shemeji yangu. Na ukienda kule utamwendea nani? Mama yako amekwisha fariki. Kaka yako ana watoto saba, anakutaka wewe wa nini? Hapa wewe ni ndugu. Kanisa zima linajua."

"Ndiyo, mzee."

"Tena maharage ya bondeni yamebakiza wiki tatu tu."

Nsabimana aliitikia tena, akavaa kofia, akaenda kufungia mbuzi. Esteria alikuwa akichambua mchele. Aliona kwamba neno la maharage lilikuja mwisho, na kwamba ndilo pekee ambalo mumewe alilisema akimwangalia mtu machoni.

Kuoshana kwa robo ile kulikuwa Jumapili ya tarehe nne Agosti. Mchungaji Nathaniel, ambaye aliwajia kwa pikipiki kutoka mjini, alituma ujumbe kwamba watakuja wageni kutoka Gwarama, taulo ziongezwe. Ijumaa mchana Melkiadi alimpa mkewe ufunguo wa sanduku.

Ufunguo huo ulikaa shingoni mwa Melkiadi pamoja na wa kanisa. Sanduku lilikuwa la bati, chini ya kitanda. Kila robo Esteria alitoa vitu vile vile vya juu: vikombe vilivyofungwa kwa gazeti, kitambaa cheupe cha Meza, taulo kumi. Taulo za chini zilikuwa za akiba, hazikuwahi kuhitajika. Siku hiyo alizihitaji. Chini ya taulo ya mwisho palikuwa na bahasha ya kaki.

Hakuifungua kwa pupa. Aliketi kitandani, akajifuta mikono, akaifungua. Picha ilimwonyesha Nsabimana akiwa kijana, masikio makubwa, shati limefungwa hadi shingoni. Majina yote yalikuwepo. Karatasi haikuwa na mkunjo mpya, wala muhuri wa Kibondo, wala wa ofisi nyingine yoyote. Ilikuwa imelala pale tangu siku ilipotolewa mkononi mwa mwenyewe.

Melkiadi alikuwa uani akinoa jembe.

"Baba Didas, karatasi ya Nsabimana iko Kibondo?"

Aliinua macho. Aliuona ufunguo mkononi mwake.

"Umefika mpaka chini," alisema.

"Taulo zilipungua."

Melkiadi aliendelea kunoa. Alipitisha tupa mara tatu, nne. "Sikumwibia. Nilimwekea."

"Alikuomba umwekee?"

"Alinipa kwa mkono wake."

"Alikupa uipeleke."

"Mama Didas, hebu fikiri kama mtu mzima. Yule hakuwa na kitu. Nimempa pa kulala. Nimempa kanisa. Anasimama mbele anaimbisha watu wenye vyeti. Mimi nimemwosha miguu kwa mikono hii. Nitajie mwingine katika kata hii anayemwosha Mrundi miguu."

"Hayupo."

"Haya."

"Nami nakuuliza jambo moja tu. Siku hizo unapomwosha, angeweza kukataa?"

Melkiadi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ngeni. "Kukataa nini? Nani anakataa kuheshimiwa?"

Esteria aliufumbata ufunguo kiganjani.

"Irudishe ulikoitoa," alisema mumewe. "Baada ya maharage nitampa mwenyewe."

"Baada ya maharage askari watakuwa wameshaingia."

"Nitamficha migombani. Wanakuja siku mbili, wanaondoka. Nawajua."

Esteria alirudi ndani. Alipanga kila kitu kama kilivyokuwa, akafunga sanduku, akampelekea mumewe ufunguo. Melkiadi aliuvaa bila kuuliza. Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa Esteria hakuwa amempa sababu ya kuuliza. Alikuwa amemtii mumewe kwa moyo mweupe, au hivyo ndivyo alivyoamini. Na usiku ule, akiwa macho na bahasha ipo tumboni chini ya kanga, aligundua kwamba hakuwahi kupata nafasi ya kulihakikisha hilo.

Jumamosi saa nne alishuka bondeni na viazi vitamu vya kuchemsha. Nsabimana alikuwa akiziba mfereji wa juu ili maji yashuke kwenye matuta ya chini. Esteria alimpa viazi kwanza, kisha bahasha.

Nsabimana aliitambua kabla hajaishika. Alijifuta mikono kwenye suruali, akaona haitoshi, akainawa mferejini, akaikausha kwa shati, ndipo akapokea. Alisoma jina la mama yake kwa sauti ndogo.

"Ilikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipompa."

Nsabimana alikaa juu ya tuta. Malori ya mwisho ya Mtabila yaliondoka Desemba. Mama yake alipanda peke yake, kwa sababu mwanawe alikuwa akisubiri karatasi itoke Kibondo ili abaki kihalali, afanye kazi, awe anamtumia chochote. Machi simu ilikuja kwamba wamemzika. Esteria alikumbuka siku ile: Melkiadi aliongoza maombi ya kumfariji, marefu, na watu walilia.

"Mzee anajua kama umenipa?"

"Anajua nimeiona."

"Atakugombeza, mama."

"Hilo ni langu. Wewe ondoka leo. Wanasema magari yanachukua watu pale uwanjani Kasulu kila siku hadi Manyovu, mpakani. Mbuzi wako wawili nitakutolea sasa hivi."

Nsabimana aliikunja karatasi kwa mikunjo yake ya zamani, akaiweka mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Kesho ni kuoshana," alisema.

"Nani anajali kuoshana leo?"

"Mimi."

Alichukua jembe akarudi mferejini. Esteria aliposhika njia ya kupanda alimsikia akiimba, si wimbo wa kanisani. Ulikuwa wa Kirundi, wa kulimia, na mara kwa mara aliuacha katikati.

Jumapili kanisa lilijaa. Wageni wa Gwarama walikalia mabenchi ya mbele. Esteria alipanga mabeseni, akagawa taulo, akajaza birika. Nsabimana aliimbisha kama kawaida, na alikuwa amevaa gambuti zake za bondeni, jambo ambalo kila mtu aliliona na hakuna aliyelielewa. Ilikuwa kiangazi, na vumbi lilikuwa jekundu mpaka kwenye madirisha.

Mchungaji Nathaniel alikumbusha utaratibu: mwenye neno na mwenzake wapatane kwanza, wasiopatana wasikaribie Meza. Kisha watu walihama pande zao.

Melkiadi alivua koti. Alijifunga taulo kiunoni, akalibeba beseni kwa mikono miwili, akapiga magoti mbele ya Nsabimana kwenye kona ile ile ya siku zote. Mmoja wa wageni alimgusa mwenzake kwa kiwiko ili atazame. Esteria alikuwa hatua nne kutoka hapo, birika mkononi.

"Vua, mtumishi," alisema Melkiadi.

"Hapana, mtumishi."

Melkiadi alitabasamu. Alidhani ni unyenyekevu. "Vua, maji yanapoa."

"Nimesema hapana, mzee."

Walioketi karibu waliacha kuoshana. Mtu mmoja alibaki na mguu wa mwenzake mkononi.

"Unaniaibisha mbele ya wageni," Melkiadi alinong'ona.

"Sikuja kukuaibisha." Nsabimana hakunong'ona, wala hakupaza sauti. "Miaka yote hii uliposema vua, nilivua. Uliposema lima, nililima. Kwangu ilikuwa sauti moja. Sikujua ipi ni ya kanisani na ipi ni ya shambani. Nimekuja kuona kama naweza kusema hapana. Basi. Nimeona."

Aligusa mfuko wa shati, juu ya kifungo. Melkiadi aliutazama mkono ule, kisha akamtazama mkewe. Esteria hakuinamisha macho. Birika lilikuwa zito, akalihamishia mkono wa pili.

Mchungaji alikuja akipita kati ya mabeseni. "Kuna neno kati yenu?"

"Hakuna," alisema Melkiadi.

"Lipo," alisema Nsabimana.

"Ni neno gani?"

"Aulizwe mzee."

Mchungaji alimsubiri Melkiadi. Melkiadi aliangalia majini. Pikipiki ilipita barabarani, ikasikika toka mbali mpaka ikapotea.

"Basi leo hamtashiriki, nyote wawili," alisema mchungaji. "Ndio utaratibu, na mzee ndiye aliyewafundisha wengine."

Melkiadi aliinuka kwa shida. Alitoka na beseni lake, akamwaga nje maji ambayo hayakuwa yameguswa na mguu wowote, na hakurudi kwenye benchi la wazee. Alikaa la nyuma, karibu na mlango, kati ya watoto. Kikombe, ambacho alikuwa akikibeba yeye kila robo, alikibeba Bazilio, mzee wa pili, fundi cherehani, ambaye hakuwa amejiandaa. Kikombe kilipofika kwa Esteria alikipitisha kwa jirani yake bila kunywa. Hata yeye alikuwa na neno na mtu.

Walirudi nyumbani kila mmoja kwa njia yake. Esteria alipika ugali na dagaa, akampakulia mumewe. Melkiadi alinawa, akakaa mezani, hakula.

"Umempa."

"Nimempa."

"Bila kuniambia."

"Ningekuambia ungenikataza. Ungenikataza, ningempa hivyo hivyo, na ingekuwa vibaya zaidi."

"Mimi ni nani humu ndani?"

"Mume wangu. Ukiniambia nifungashe niende kwa mama yangu, nitafungasha. Sitabishana. Lakini ile karatasi haikuwa yako, Baba Didas, wala haikuwa yangu. Kumpa mtu kitu chake hakuhitaji ruhusa."

Melkiadi alimega tonge, akalirudisha sahanini. Hakumwambia afungashe.

Jumatatu alishuka bondeni peke yake. Nsabimana alibaki stoo akifunga vitu vyake, ambavyo havikuwa vingi, kwa hiyo alitumia muda uliobaki kuezua na kuezeka upya banda la mbuzi lililokuwa likivuja. Hakuna aliyemtuma. Esteria alimwambia aache, mvua bado ziko mbali. "Nimeshaanza, mama," alijibu kutoka juu.

Saa tisa Melkiadi alirudi, viganja vimetoka malengelenge, suruali imelowa mpaka mapajani.

"Ule mfereji wa juu," alimuuliza mkewe, "huwa anauzibaje? Kila nikiziba unapasuka."

"Sijui. Muulize."

Alisimama uani kitambo. Kisha akaenda mpaka kwenye mlango wa stoo, mlango aliouunda mwenyewe kwa mbao zake, akasimama nje.

"Hodi."

Esteria alikuwa akitwanga kisamvu. Mchi ulimsimama mkononi. Kwa miaka sita mumewe alikuwa akiusukuma mlango ule kwa mguu.

"Karibu," ilijibu sauti ya ndani, baada ya muda.

Waliongea muda mrefu. Esteria hakusikia, na hakusogea ili asikie. Alirudi kwenye kinu chake. Mara moja tu sauti ya Nsabimana ilipanda, akalitaja jina la mama yake. Melkiadi alipotoka, uso ulikuwa umevimba kama wa mtu aliyeng'olewa jino.

"Kesho tunamsindikiza," alisema. "Wewe utashika mbuzi."

Waliondoka Jumanne jua likichomoza. Melkiadi alitoa baiskeli yake, akapakia godoro la Nsabimana, jembe, sufuria, na gunia la maharage ya mwaka uliopita ambalo alilitoa chumbani bila kuulizwa. Kwa kuwa walikuwa wanakwenda mbele ya maofisa, alivaa viatu vyake vya kanisani.

Kutoka kijijini kwenda Kasulu ni mlima mtupu kwa saa ya kwanza. Katika mlima ule baiskeli yenye mzigo haipandwi, inasukumwa. Na mzigo wa Melkiadi ulikuwa ukisukumwa na Nsabimana siku zote, Melkiadi akitangulia mikono nyuma. Kwa mazoea Nsabimana alishika usukani.

"Acha," alisema Melkiadi.

"Mzee, ni zito."

"Naona."

Alisukuma mwenyewe. Nsabimana alitembea pembeni, na kwa muda hakujua mikono yake aiweke wapi. Aliijaribu mifukoni. Aliijaribu nyuma, akaitoa haraka. Mwishowe alimpokea Esteria mbuzi mmoja.

Njia panda, Hilali alikuwa akifungua duka. Barazani tayari palikuwa na watu wanne.

"Mzee wa kanisa!" aliita mmoja. "Umepata kibarua?"

"Nimepata," alisema Melkiadi, jasho likimwingia machoni.

"Tajiri wako analipa vizuri?"

"Muulize mwenyewe, huyu hapa."

Walicheka, lakini Hilali hakucheka. Aliingia dukani akatoka na dumu la lita tano, akalijaza maji, akamkabidhi Nsabimana. "Ya njiani," alisema. "Mimi nimefunga, wewe hukufunga."

Uwanjani Kasulu palikuwa na watu kama mia tatu, mizigo, kuku, watoto waliofungwa migongoni. Chini ya turubai alikaa ofisa kijana, aliyehamishiwa huko kutoka Tanga miezi michache kabla, na daftari mbele yake. Aliuliza kila mtu maswali yale yale, na mstari ulisogea polepole. Esteria aliyasikia majibu ya waliotangulia. Alipowauliza walikuwa wakiishi kwa nani, walijibu porini, au kwa rafiki aliyehama, au hawakumbuki. Hakuna aliyetaja mtu. Wenyeji wao walikuwa wamesimama mbali, ng'ambo ya barabara, kama watu waliopita tu.

Nsabimana alitoa karatasi yake. Ofisa aliisoma mbele na nyuma, akaridhika.

"Umekaa wapi tangu kambi ifungwe?"

Nsabimana alifungua mdomo. Esteria aliona kwamba angesema porini.

"Kwangu," alisema Melkiadi.

Ofisa aliinua kichwa. "Mzee, unajua unachosema? Kumhifadhi mtu bila kibali ni kosa."

"Najua. Andika. Melkiadi Ruhaga."

"Alikuwa kwako kama nani?"

"Kanisani tunaitana watumishi, mimi na yeye."

"Siulizi kanisani. Nyumbani."

"Nyumbani mtumishi alikuwa yeye peke yake."

Ofisa alisubiri kuona kama kuna zaidi. "Niandike kibarua?"

"Andika."

"Malipo?"

"Chakula. Pa kulala. Mbuzi wawili kwa miaka sita." Kisha, ingawa hakuulizwa: "Na karatasi hiyo nilikuwa nayo mimi. Alikuwa hawezi kuondoka."

Kalamu ilisimama, kisha ikaendelea. "Utaitwa," alisema ofisa. "Anayefuata."

Walikaa juu ya gunia kungoja gari. Melkiadi alikuwa akichechemea tangu walipomaliza mlima, na sasa damu ilikuwa imepita kwenye soksi. Viatu vya kanisani havikushonwa kwa ajili ya kusukuma mizigo.

Nsabimana alimtazama mguu. Aliinuka, akachukua dumu la Hilali, akachuchumaa mbele yake vumbini.

"Vua, mzee."

"Hayo maji ni ya safari."

"Vua."

Melkiadi aliangalia huku na huku. Watu walikuwa wengi, na hakuna aliyekuwa na haja naye. Aliinama akafungua kamba, akavua kiatu, kisha soksi, taratibu, kwa kuwa ilikuwa imegandamana na kidonda. Ulikuwa mguu wa mzee wa miaka hamsini na mitano, haukuwa umesuguliwa kwa jiwe wala kuandaliwa kwa namna yoyote. Nsabimana aliumiminia maji kidogo kidogo. Alitoa vumbi, akatoa damu, akatoa uzi wa soksi ulioingia kidondani. Esteria alichana pindo la kanga yake akampa, naye akafunga kisigino kwa fundo la pembeni ili kisiume kikikanyagwa.

"Hakuna aliyekuagiza," alisema Melkiadi.

"Hakuna," alisema Nsabimana.

Alikuwa bado anakaza fundo alipoitwa jina. Aliitika, akaifuta mikono kwenye suruali. Melkiadi alipandisha gunia kwenye lori, Esteria akapandisha mbuzi. Waliagana kwa mikono miwili, kama watu wa pale wanavyoagana, na Nsabimana akakumbuka jambo.

"Mfereji wa juu, mzee. Usizibe kwa udongo mtupu. Tanguliza majani ya mgomba, kisha udongo, ndipo ukanyage."

"Majani ya mgomba," alisema Melkiadi.

"Matatu, manne."

Lori liliondoka kuelekea Manyovu. Melkiadi alifunga viatu vyake kwenye kerea ya baiskeli, wakateremka mlima kwa miguu, yeye na mkewe, mpaka njia panda, ambako alimsimamisha Esteria akamwomba wapitie bondeni kwanza, maji yalikuwa yanapotea.

Aliitwa ofisini wiki iliyofuata. Alikwenda, na hakumwomba shemeji yake mwenyekiti amsindikize.